Mnenaji wa Kale na Mnenaji Mpya

Mwanne Shabani ana soksi moja ya kijivu ambayo haijawahi kuvaliwa. Ndani yake mna visoda ishirini, vile vifuniko vya chupa za soda, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi ya kucha, na kwa miaka mingi visoda hivyo vimekuwa vikiamua nani aishi na nani afe katika mgahawa wake nyuma ya soko la Kilosa. Jumapili alasiri, masufuria yakishaoshwa na mteja wa mwisho wa pilau akishafuta mdomo akaenda zake, meza mbili huunganishwa, soksi hutolewa kabatini, na watu wazima wenye akili zao timamu hukaa chini wakawa watu wengine.

Mpita njia akichungulia hudhani ni kikao cha vikoba. Akitega sikio kidogo anasikia mtu akiuliza nani ana kamba, mwingine anajibu kwamba kamba iliungua na joka bado liko chini ya daraja, basi anaongeza mwendo. Mwanne hamlaumu. Hata yeye mwenyewe, akifikiri sana juu ya kinachotokea pale mezani, huingiwa na kicho.

Mchezo huo aliupata Mikumi, enzi alipokuwa dobi wa hoteli moja ya watalii. Mgeni alisahau kitabu chini ya kitanda. Kikawekwa stoo kumsubiri, mwenyewe hakurudi, na meneja akamwambia Mwanne akichukue akafungie maandazi. Hakukifungia maandazi. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, cha kutembelea mkongojo, lakini alikisoma jioni baada ya jioni, kamusi pembeni, akilamba kidole gumba kila anapofunua ukurasa. Kitabu kilieleza kwamba watu huketi mezani, mmoja akasimulia safari, na wengine kila mmoja akashika mhusika wake na kusema atafanya nini. Kisha namba ndiyo inayoamua kama atafaulu. Kitabu kilitaka dadu yenye pande ishirini, kitu ambacho Mikumi hukipati hata ukikililia. Ndipo visoda vilipoingia.

Mlikuwa na Mlinzi kitabuni, na Mpiga Mishale, na Mwizi. Na mlikuwa na Mnenaji. Huyu hana upanga wala ngao, ana maneno tu; akisema neno, jiwe linapasuka. Mwanne aliposoma sura hiyo mwili ulimsisimka, akakifunga kitabu, akakaa nacho mapajani mpaka nguo za wageni zikalowa kupita kiasi. Bibi yake alikuwa akizinong'onea mbegu kabla ya kuzifukia. Jambo la neno kuwa na nguvu halikuwa geni kwake. Kilichomshangaza ni kwamba Wazungu nao wanalijua.

Aliporudi Kilosa kufungua mgahawa, mtu wa kwanza aliyemwendea ni Ditram, kwa sababu Ditram alikuwa na sauti. Alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi, na watu walisema akinadi dume mnadani, walioko Zombo wanaanza kuhesabu hela zao. Tena alikuwa mtani wake. Babu wa Ditram, Mngoni, aliletwa na mkonge. Babu wa Mwanne, Mnyamwezi, aliletwa na reli. Na Wangoni na Wanyamwezi, kama ujuavyo, hawawekeani adabu. Mtani anaingia kwako, anakunywa uji wako. Anabeba kuku wako mchana kweupe na huna pa kushtaki. Na siku ukifa, mtani ndiye anayevaa nguo zako, anatembea mwendo wako na kusema kwa sauti yako mbele ya jeneza, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Baba yake Ditram alipofariki, Mwanne alivaa koti la marehemu, akakohoa kikohozi chake pale mlangoni, na wapo walioapa kwamba walimwona mzee akiingia. Ditram alicheka siku ile hadi akashikwa mabega.

Basi Ditram akashika Mnenaji. Kwa kitabu kile cha zamani, Mnenaji huchagua maneno machache kila alfajiri, na kila neno akilisema mara moja limekwenda, halimrudii mpaka kesho. Tena lazima alitamke mwenyewe, kwa sauti, mezani, wote wasikie. Wengine wangeona haya. Ditram alisimama, akavuta pumzi, akalinadi neno la Radi kama anavyonadi dume la mwisho jua likizama, na ukuta wa ngome ukaanguka. Ulikuwa ukuta wa maneno matupu, hakuna aliyeuona, lakini Yusrah, muuza vitenge anayeshika Mpiga Mishale, aliinua mkono kujikinga na vumbi. Kaelo naye, mfugaji wa kule mbugani aliyekuja mjini kuuza madume akanogewa na meza hii hadi akawa Mlinzi wake, alisema siku hiyo kwamba sasa ameelewa kwa nini kwenye mnada wa Ditram mtu hununua ng'ombe asiyemhitaji.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha, masika moja, kiharusi kikampiga Ditram. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakakatika. Aliyasikia ya wenzake na kuyaelewa, hilo lilionekana machoni, lakini mdomoni mwake halikutoka hata moja. Mnada ukapata dalali mwingine. Alipoanza kutembea tena, fimbo katika mkono wa kushoto, mkewe Scholastica alimleta mgahawani Jumapili moja, akakaa kwenye benchi lake la siku zote, na Mwanne akafurahi kupita kiasi. Furaha ya namna hiyo huponza.

Joka lilikuwa chini ya daraja. Zamu ya Mnenaji ikafika. Ditram akafungua mdomo, akaufunga. Kila mmoja mezani alikumbuka mstari ambao Mwanne mwenyewe aliutafsiri kwa mbwembwe miaka ile: Mnenaji aliyenyang'anywa sauti ahesabiwe miongoni mwa wafu.

Mwanne hakufikiri. Alinyoosha mkono akaichukua pama ya Ditram kichwani mwake, akaivaa, akatanua kifua, akanadi. Ilitoka sauti yenyewe, ile ya mnadani, na ule mkoromo wa mwisho. Neno la Radi lilitikisa vikombe. Kwa kitambo kidogo alidhani amemsaidia mtani wake, kwamba amemwazima koo. Kaelo alicheka. Yusrah alianza kucheka, akaacha, akatazama kofia ile juu ya kichwa cha Mwanne. Ndipo na Mwanne akajua amefanya nini. Mtani huvaa kofia ya mtu siku moja tu, na siku hiyo mwenye kofia huwa amelala ndani ya sanduku.

Ditram aliinuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika. Akatoka bila kofia.

Siku zilizofuata Mwanne alikwenda kwake, na kila mara alimkuta amegeuzia kiti ukutani. Scholastica alimpokea uani.

"Hataki kukuona, Mwanne," alimwambia. "Mimi najua hukukusudia. Ila umemzika, mwenzangu, naye bado anakula."

"Basi ikomboe kofia, shemeji. Nipe hata chumvi ya kijiko, niirudishe." Kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hukombolewa na wenye msiba kwa chochote kile, yakaisha.

"Nikikomboa nitakuwa nimekubali kwamba ulikuwa msiba," Scholastica akasema. "Sikomboi."

Na kuomba radhi Mwanne hakuweza. Mtani haombi radhi kwa mtani. Siku ukiomba, utani umekufa, mmebaki majirani. Aliitundika pama msumarini, juu ya jiko, akawa anaipangusa masizi. Usiulize alivyokuwa akijisikia. Alikuwa amempoteza mtu aliye hai, tena kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kile hasa alichosifiwa nacho. Meza ya Jumapili ikalala.

Mdogo wake, Lea, ndiye aliyepiga simu kutoka Mikumi. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli ile ile aliyofulia dada yake. "Dada, shikamoo. Kile kitabu chako kimeandikwa upya. Wenyewe wamekiweka mtandaoni, bure. Bosi kaniruhusu kukiprinti."

"Marahaba. Mnenaji yumo?"

"Yumo. Lakini wamemharibu."

Mwanne alipanda basi la Mikumi asubuhi yake, kitabu cha zamani kwenye mkoba kimefungwa kwa kanga. Walikaa chumbani kwa Lea, katika nyumba za wafanyakazi, vitabu viwili vimefunuliwa kitandani ubavu kwa ubavu, na nyani wakipita juu ya bati wakielekea jikoni kwa wapishi. Lea alisoma kipya, Mwanne akafuata kwa kidole katika cha zamani, na mwanzoni aliona uchungu mtupu. Radi, iliyokuwa ikiangusha ukuta mzima, sasa inampata adui mmoja, tena akiwa karibu. Neno la kusimamisha mto limefutwa kabisa. Ile alfajiri ya kuchagua maneno, ambayo Ditram aliipenda, haipo. Mnenaji mpya anayajua maneno yake yote wakati wote, ila ana pumzi chache za kuyatumia, zikiisha anapumzika kama mkulima.

"Si nilikwambia," Lea alisema. "Wamemfanya mtu wa kawaida. Yule wa zamani alikuwa anatisha."

"Endelea."

"Hapa wanasema habari ya sauti." Lea akasoma kimoyomoyo, kisha akatafsiri polepole. "Mnenaji hanyamazishwi. Akikosa ulimi, atanena kwa mkono. Akikosa mkono, kwa macho. Lakini ishara haina nguvu mpaka walio pamoja naye waseme wameona nini. Kila mwenzake aliyeelewa humwongezea moja juu ya namba yake."

Mwanne alilamba kidole akafunua cha zamani mpaka kwenye mstari wa wafu. Ulikuwepo, umepigiwa mstari na kalamu yake mwenyewe. Akautafuta katika kitabu kipya, mbele na nyuma. Haukuwepo.

"Soma tena," alisema.

Lea alisoma tena, na safari hii Mwanne alifunika mdomo kwa kiganja. Yuko mtu mahali fulani, hamjui, nchi yake haijui, aliyekaa na kitabu chake mwenyewe, kazi aliyokwisha kuimaliza na kusifiwa nayo, akaufikia ule mstari na kuukata. Kwa nini? Labda na mezani kwake alikuwepo mmoja ambaye sauti ilikatika. Labda na yeye aliona benchi tupu Jumapili. Alimnyang'anya Mnenaji wake ngurumo zake zote, halafu akampa kitu ambacho Mnenaji wa kale hakuwahi kuwa nacho: haja ya kutazamwa. Mwanne alikaa pale kitandani akiogopa hata kuzigusa karatasi zile, jinsi zilivyomwona yeye na kosa lake bila kumjua.

"Dada, unalia?"

"Nyani wako wana kelele," Mwanne akasema.

Aliporudi Kilosa, hakwenda kwa Ditram kubisha hodi. Alisimama uani kwao, chini ya dirisha la kile chumba chenye kiti kilichogeuzwa, akazifungua karatasi, akasoma kwa sauti kama mtu anayetangaza mkutano wa kijiji. Alisoma yote, Radi iliyopunguzwa, mto usiosimama, pumzi chache, hasara kwa faida, maana mtani humfichi kitu. Aliusoma mstari wa mkono mara mbili. Majirani walitoka. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, kwamba joka bado liko chini ya daraja, na kwamba Wangoni tangu zamani wana sifa ya kukimbia, wakisingizia kwamba wanahama. Ndani kilisikika kiti kikiburutwa, naye Mwanne akaenda zake.

Jumapili Yusrah alikuja amekunja uso. Alikwisha kuambiwa habari za Radi. "Mimi kitabu hicho sikitaki," alisema. "Tulikuwa na Mnenaji anayeangusha ngome. Huyu tutamfanyia nini, tumshikie kibakuli?" Kaelo alikuwa akitazama mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Ditram, na nyuma yake Scholastica akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Ditram alipita chini ya msumari wenye kofia bila kuinua macho. Akaketi.

Mwanne alianza kusimulia pale pale alipokuwa ameachia. Daraja, maji meusi, pumzi ya joka ikipanda kwenye mianya ya mbao. Mlinzi akasonga mbele, akashindwa. Mpiga Mishale akaishiwa mishale. Mwanne akaziweka karatasi mezani. "Zamu ya Mnenaji," alisema. "Sheria ni ya kitabu kipya. Inatakiwa kumi."

Ditram aliingiza mkono wa kushoto ndani ya soksi, akatoa kisoda, akakiweka mezani. Saba. Yusrah alishusha mabega, maana kwa kitabu cha zamani mambo yangekuwa yameishia hapo.

Kisha Ditram akasimama. Akaishika fimbo katikati, kwa ule mkono mmoja, akaiinua usawa wa bega. Hakuielekeza kwa joka. Aliwatazama wao, mmoja mmoja, taratibu, akakaa kwenye uso wa kila mtu mpaka mtu akajiona anataka kitu asichokijua. Nyusi zikapanda kidogo kwa Yusrah, kama zinamwuliza. Zikarudi. Zikapanda kwa Kaelo, zikabaki hapo. Fimbo ikapanda nusu, ikangoja, na mgahawa mzima ukangoja nayo. Halafu ikashuka, ikapiga sakafu, na ncha yake ikageuka ikamwelekea Kaelo.

Mwanne, aliyeijua midundo yote ya koo la yule mtu, hakuelewa, na kwa sheria hata angeelewa asingeruhusiwa kusema, kwa kuwa ndiye msimulizi. Aliona jasho kwenye paji la Ditram. Alimwomba Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya mchezo wa visoda, na hakuona aibu.

"Ameuza," Kaelo alisema kwa sauti ya chini. "Nimesimama mbele yake mara nyingi na ng'ombe wangu, naijua hiyo. Halipigi joka. Amelinadi. Ameniuzia mimi. Kuanzia sasa ni la zizini kwangu, na linyama la zizini kwangu halinili."

"Nane," Mwanne akasema.

Yusrah aliendelea kukunja uso, lakini ulikuwa mkunjo mwingine. "Kwanza aliniuliza mimi," alisema. "Aliniuliza kama nalitaka, nami nikarudi nyuma. Nilirudi nyuma kwenye kiti, mmeniona? Ameniona naogopa akanipita." Akaitazama ile fimbo. "Nimeelewa."

"Tisa."

Hapo wakaisha. Wachezaji walikuwa hao tu. Mwanne alitazama karatasi, akatazama kisoda chenye saba, na alijua kwamba hawezi kudanganya, kwa sababu Ditram angejua, na angetoka mlango ule mara ya pili asirudi.

"Mimi si mchezaji," Scholastica alisema kutoka kwenye kiti cha pembeni. Hakuwahi kusema kitu katika mgahawa ule zaidi ya salamu. "Lakini aliniposa hivyo hivyo. Alinitazama, akanyamaza, akangoja, nikajikuta nimekubali kabla hajafungua mdomo. Ninyi mlikuwa mnamsikia sauti. Mimi sauti yake sikuwahi kuisikiliza."

Kitabu kilisema walio pamoja naye, hakikusema wachezaji. Mwanne alijaribu kusema kumi ikakataa kutoka. Akaonyesha kwa vidole vyake vyote. Na joka, lile joka la maneno matupu, likatoka chini ya daraja, likainamisha kichwa, likasimama nyuma ya Kaelo kwa upole, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alilisogelea kidogo kwa macho kulitazama vizuri. Ngome ilipoanguka zamani walipiga makofi. Safari hii hawakupiga. Yusrah alinyoosha mkono na kuupapasa upepo, pale ambapo shingo ya mnyama ingekuwa.

Ditram hakuketi. Alizunguka meza kwa fimbo yake mpaka akafika aliposimama Mwanne. Watu wakakaza macho kwenye msumari. Lakini hakuigusa kofia. Aliunyoosha ule mkono mmoja, akamvua Mwanne mtandio wake, akajitupia kichwani. Akalamba kidole gumba. Akafunua ukurasa hewani. Akajifuta kiganja nyuma ya suruali kama kwenye kanga, kisha akaondoka kuelekea jikoni na sufuria isiyoonekana ubavuni, nyonga moja mbele, midomo imebana kwa maringo, ule ule mwendo wa Mwanne ambao Kilosa nzima inaujua na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuiga. Mguu mbovu aliuburuta na kuutia humo humo ndani ya maringo. Yusrah aliangua kicheko hadi akajilaza mezani. Scholastica alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja.

Kaelo, ambaye kwao hawana utani wa namna hii, alishtuka kuona Mwanne akiyumba na kulishika benchi. "Mama kapatwa na nini?" aliuliza.

"Amekufa," Yusrah alimjibu, akijifuta machozi. "Mwache azikwe."

Mwanne akajinyoosha chali kwenye benchi la Ditram, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akatulia.